Siha Haikatiwi Risiti

Ukimwuliza mfanyakazi wa ofisi hapa Eldoret kwa nini hafanyi mazoezi, mara nyingi atakujibu kwa pesa. Ada ya jimu imepanda, anasubiri mwisho wa mwezi, viatu vinavyofaa hajapata. Ukimkumbusha kwamba anaishi katika mji ambao wageni huvuka bahari kuja kujifunza kukimbia, ataguna: "Wale ni watu wa kipaji. Walizaliwa hivyo." Majibu haya mawili yana baba mmoja. Yote yanachukulia siha kuwa mali: wapo walioirithi, na asiyerithi akainunue.

Tangu Eldoret ikabidhiwe hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, imani hiyo imezidi kupata makao. Majengo ya ghorofa yanachipuka, na ndani yake hakukosi chumba chenye vioo ukutani, safu ya mashine za kukimbilia na mikebe ya unga wa protini kwenye kaunta. Sina ugomvi na aliyefungua biashara hiyo. Anatafuta riziki kama mwingine yeyote. Ninachokipinga ni wazo linalouzwa pamoja na ada: kwamba mwili hutengenezwa kwa saa moja ndani ya chumba maalumu, na saa 23 zilizobaki hazina neno. Wazo hilo ni la uongo, tena limewakatisha tamaa watu wengi kuliko lilivyowasaidia.

Nianzie mbali kidogo, Varanasi, kaskazini mwa India, kwa sababu huko kuna shule ya mwili yenye umri mkubwa kuliko jimu yoyote. Inaitwa akhara. Ni kiwanja kidogo, aghalabu chini ya mti na karibu na kisima, na katikati yake kuna shimo la udongo laini ambamo wanaume hushindana mieleka. Wacheza mieleka hao huitwa pehelwani. Kabla jua halijachomoza wameshafika, na kazi ya kwanza hata si mieleka. Ni jembe. Wanachukua jembe zito na kulima shimo lote, kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka udongo uliogandamana jana uwe laini tena. Kisha mmoja anasimama juu ya ubao mzito, wenzake wanauvuta kwa kamba kuusawazisha udongo, wanapokezana kuvuta na kusimama. Udongo wenyewe umetiwa mafuta, manjano na maziwa ya mgando ili usichubue ngozi. Anayeingia huacha viatu nje, huchota udongo kidogo na kuugusisha kwenye paji la uso. Yote hayo yanapokamilika, migongo, mabega na mapaja yameshapata moto, na mafunzo rasmi hayajaanza.

Mazoezi yenyewe ni machache mno. La kwanza ni dandi: mikono na miguu chini, makalio juu, kifua kinateremka karibu kuigusa ardhi na kupanda mbele kwa mkunjo mmoja usiokatika. La pili ni baithaki, yaani kuchuchumaa na kuinuka kwa mdundo wa pumzi. Kuna marungu mazito ya kuzungusha nyuma ya mabega, kuna rungu la jiwe lenye mpini mrefu, kuna kamba ya kupanda. Zaidi ya hapo ni mwenzako na uzito wake. Inasimuliwa kwamba Gama, pehelwani mashuhuri kupita wote, alifanya baithaki 5,000 na dandi 3,000 kwa siku. Hata ukizikata nusu hesabu hizo kwa kuzishuku, bado ni siku nzima ya mtu aliyeamua kurudia jambo moja hadi limwingie mifupani.

Gama huyu, Ghulam Muhammad, aliyezaliwa mwaka 1878, alisafiri kwenda London mwaka 1910 na kudharauliwa kwa ufupi wake. Septemba mwaka huo alipambana na Stanislaus Zbyszko, jitu kutoka Poland, kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Zbyszko alijilaza chini muda mwingi ili asiangushwe, na mchezo ukaishia sare. Walipokutana tena Patiala mwaka 1928, Gama akiwa na miaka 50 hivi, alimwangusha kabla dakika moja haijatimia. Nguvu inayodumu hivyo haikujengwa kwa msimu mmoja wa kujipamba.

Mwanaanthropolojia Joseph Alter, aliyeandika kitabu kizima juu ya pehelwani wa Varanasi mwaka 1992, anaonyesha kwamba kwao mieleka ni mwenendo mzima wa maisha. Muda wa kulala umo ndani ya mafunzo. Chakula kimo, na hasa maziwa, samli na lozi. Kuchua misuli ya mwenzako kumo. Heshima kwa guru, au kwa ustadhi katika akhara za Waislamu, imo, na ukali wa maneno nje ya kiwanja unahesabiwa kuwa kasoro ya mafunzo. Mtu hawezi kuwa pehelwani saa moja halafu akawa kitu kingine.

Msomaji atauliza India inatuhusu nini. Basi tupande matatu twende Kaptagat, safari fupi kutoka katikati ya jiji letu.

Katika kambi ambako Patrick Sang huwafunza wakimbiaji, wakazi huingia Jumatatu na kurudi makwao mwishoni mwa wiki. Sang mwenyewe alishinda fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, kwa hiyo anajua anachokidai. Humo hulala Eliud Kipchoge, mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 2:01:09 kule Berlin mwaka 2022 na ambaye angeweza kuishi katika hoteli yoyote aitakayo. Ana zamu ya kuosha vyoo kama kijana aliyeingia mwezi uliopita. Wanafagia, wanakata nyasi, wanafua nguo zao. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi ni mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi ni fatleki, yaani mbio za kubadilisha kasi, na kati ya siku hizo ni mbio nyepesi asubuhi na jioni hadi wiki inavuka kilomita 200. Kipchoge huandika kila zoezi katika daftari, na madaftari hayo ameyahifadhi kwa miaka mingi.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulishangaa na sisi wenyeji hatulioni tena. Siku ya mbio nyepesi, hawa watu wenye kasi kuliko wote duniani huanza kwa mwendo wa kujikokota. Kilomita ya kwanza mtu mwenye kitambi anaweza kuandamana nao. Wanazungumza, wanakohoa, wanaacha miguu iamke yenyewe. Hakuna kioo cha kujitazama wala mtu wa kushangilia. Kasi inakuja baadaye, na ikija inakuja kwa kundi zima. Wakirudi, ni chai ya maziwa, mkate, kisha kulala. Ndiyo, kulala mchana, bila haya, kwa sababu kule kupumzika ni kipindi katika ratiba.

Na chakula? Watafiti waliopima sahani za wakimbiaji wa Kikalenjin kambini mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba takriban robo tatu ya nguvu zao ilitoka kwenye wanga, hasa ugali, na protini ilikuwa sehemu ya kumi tu. Nawaomba wauzaji wa mikebe waitafakari hesabu hiyo. Siwezi kudai kwamba ugali ni dawa ya kila mtu. Anayekaa kitini kutwa hahitaji sahani ya mtu wa kilomita 200. Ninachosema ni kwamba mabingwa hao hawakujengwa na mkebe.

Sasa tuwaweke pehelwani na mkimbiaji wakabiliane, kwa sababu hapa ndipo hoja ya damu inapovunjika mguu. Gama alikuwa na kilo 90 hivi katika mwili wa mtu mfupi, shingo kama gogo. Kipchoge hafiki kilo 60. Mmoja alijengwa kusukuma na kuangusha kwa nguvu za ghafla. Mwingine kusafiri kwa saa mbili bila kupungua. Mmoja alitoka tambarare za India, ambako Varanasi iko mita 80 tu juu ya bahari. Mwingine anaishi mita 2,400. Mmoja alikunywa maziwa na samli, mwingine anakula ugali na sukuma wiki. Hawashiriki kabila, hali ya hewa, mchezo wala umbo. Wanachoshiriki ni kuamka mapema, kufanya machache na kuyarudia, kazi za mikono za pamoja, mwalimu anayekuona kwa macho yake, wenzako wasiokuacha, chakula cha kawaida na usingizi. Kama siri ingekuwa damu au mwinuko wa ardhi, tungeeleza vipi miili miwili iliyo kinyume kabisa kukulia katika malezi yanayofanana hivi?

Siupuuzi mwinuko. Hewa nyepesi ya Iten na Kaptagat huufanya mwili uongeze chembe nyekundu za damu, na mkimbiaji wa mbio ndefu hufaidi. Lakini hewa hiyo hiyo tunaivuta sote, mimi, wewe na karani anayepanda lifti kwenda ghorofa ya pili. Kuhusu jeni, mwanasayansi Yannis Pitsiladis alitumia miaka mingi kuchunguza wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia na hakuipata jeni ya mbio. Tena tazama watoto wa mabingwa wetu: wana damu ile ile, wengi wao wanapelekwa shule kwa gari, na wengi hawakimbii. Bruda Colm O'Connell alipofika St Patrick's Iten mwaka 1976 hakuwa mwalimu wa riadha. Alichokifanya ni kukaa. Alikaa miongo kwa miongo, akawatazama vijana wakikimbia, na mmoja wao, David Rudisha, akaweka rekodi ya mita 800 ya 1:40.91 mjini London mwaka 2012. Wanaopenda hadithi ya damu huiruka miaka hiyo yote ya kukaa na kutazama.

Kuna historia fupi inayoonyesha jinsi tulivyofika kwenye jimu za vioo. Katika karne ya 19 maafisa wa Kiingereza waliokuwa India waliona wanaume wakizungusha marungu ya akhara, wakayapenda, wakayapeleka kwao. Yakapunguzwa uzito, yakaingia katika gwaride la jeshi na katika shule, hata kuzungusha marungu kukawa mchezo wa Olimpiki mwaka 1904 na tena mwaka 1932. Kisha yakafifia. Walichukua chombo, wakaacha kiwanja, mwalimu, jembe na usingizi. Ndivyo tunavyofanya sasa kwa mbio zetu wenyewe: tunachukua mwendo wa miguu wa Kaptagat, tunaufungia juu ya mkanda wa umeme, halafu tunashangaa kwa nini mtu anaacha baada ya mwezi wa tatu.

Mtazamo wa kununua una madhara makubwa zaidi ya uanachama uliosahaulika. Kama mwili ni bidhaa, basi njia ya haraka ya kuupata ni halali machoni pa mnunuzi. Kuanzia unga hadi kidonge, kuanzia kidonge hadi sindano, ni ngazi ile ile. Tumeyaona matokeo yake hapa hapa. Orodha ya wanariadha wa Kenya waliofungiwa kwa dawa ilirefuka hadi Novemba 2022 serikali ikalazimika kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 ili nchi isifungiwe nzima. Watu hulaumu umaskini na madaktari walaghai, na wana haki. Mimi naongeza kwamba kijana anayesikia kila siku kuwa ushindi ni kitu cha kupatikana dukani hana sababu ya kuuheshimu mwaka wa sita wa kujikokota alfajiri.

Sasa kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, na nitakaa nalo kidogo. Mtu ataniambia: kama jembe linajenga mwili, mbona kijana wa mjengo kule Langas, anayechimba msingi kutwa, ana maumivu ya kiuno kabla hajafika miaka 40? Mbona mama anayebeba gunia la viazi sokoni hatumwiti mwanariadha? Hoja hii ni ya kweli kabisa, na inawaumbua wale wanaosema ovyo kwamba babu zetu walikuwa na siha kwa sababu walilima. Pehelwani analima shimo, anaacha. Halimi hadi mwili udai msamaha. Baada ya jembe kuna mwalimu wa kumwambia leo inatosha, kuna mwenzake wa kumkanda mabega, kuna maziwa, kuna usingizi wa adhuhuri, na kesho mzigo unaongezwa kidogo tu. Bandu bandu. Yule wa mjengo anapewa jembe peke yake: hakuna anayempangia, analala kidogo, anakula akiwa na deni, na kesho mzigo ni ule ule au mkubwa zaidi. Alichonyimwa ni pumziko na ujira wa kununua chakula cha kutosha. Ukimfungulia jimu jirani na mjengo hujamsaidia hata kidogo. Kwa hiyo mfano wake hauidhoofishi hoja yangu. Unaonyesha kwamba siha ni mpango wa siku nzima, na kwamba mtu anayemiliki siku ya mwenzake kwa ujira mdogo anamiliki pia afya yake.

Pingamizi la pili ni la wanawake. Akhara za jadi ziliwafungia mlango, na pehelwani alitakiwa ajitenge na mke. Hilo silitetei. India yenyewe imeanza kulivunja: Sakshi Malik alishinda shaba ya mieleka katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Kwetu, Faith Kipyegon, anayefunzwa na Sang, amechukua dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo, mbili kati ya hizo baada ya kujifungua, na mwaka 2025 akashusha rekodi ya dunia hadi 3:48.68. Najua pia kwamba wanawake wengi huchagua jimu kwa sababu barabarani wanapigiwa mbinja na gizani hawako salama. Hiyo ni sababu halisi, na anayelipa ada kununua usalama simlaumu. Lakini usalama wa kukimbia ni haki ya raia. Ukiuacha uwe huduma ya kulipiwa, umekubali barabara ziwe za wanaume.

Wala sisemi mashine ni haramu. Wakimbiaji wa Kaptagat siku hizi hutandika mikeka na kuimarisha kiwiliwili, na mtu aliyevunjika goti anaweza kuhitaji kifaa maalumu na mtaalamu wa kukitumia. Kifaa kikikaa ndani ya mwenendo kinasaidia. Shida huanza kinapogeuzwa kuwa mbadala wa mwenendo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5, kasi ya kutembea kwa haraka kutoka Kapsoya kuelekea mjini. Hazihitaji kipaji cha Nandi wala risiti. Zinahitaji mahali pa kupita, mtu wa kwenda naye, na mtu wa kukukemea ukikosa.

Mahali ndipo tulipoteleza. Jiji letu limejenga maduka kwa kasi na kukokota ukarabati wa Uwanja wa Kipchoge Keino kwa miaka mingi. Mitaa mipya inapimwa vipande vya kuuza mpaka ukingo wa barabara, bila kiwanja wala njia ya miguu. Viwanja vya shule vinafungwa kwa kufuli Jumamosi na Jumapili, nyasi zikiota huku watoto wakicheza mpira kati ya bodaboda. Kaunti ya Uasin Gishu inaweza kulazimisha kila mpango mpya wa makazi uwe na kiwanja kisichouzwa, na inaweza kukubaliana na shule zifunguliwe saa kumi na moja na nusu alfajiri na mwishoni mwa wiki. Hili halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Kuhusu mtu wa kukukemea, hakuna mji duniani uliobarikiwa kama wetu. Kule Varanasi pehelwani mzee haondoki kwenye shimo. Anaketi ukingoni, anarekebisha mkono wa huyu na mguu wa yule hadi mwisho wa uhai wake. Sisi tuna mamia ya wakimbiaji waliostaafu wanaolima mahindi, wanaokodisha nyumba, wanaokaa dukani, na hakuna mtaa uliowahi kuwaomba chochote isipokuwa mchango wa harambee. Pioneer ina wastaafu kadhaa. Kimumu ina wengi. Majirani kumi wa mtaa mmoja wakimwendea mmoja wao wiki hii na kumwomba asubuhi tatu kwa wiki, awafunze kuanza polepole na kuacha kabla ya kuchoka, sioni kwa nini akatae, na wakitaka kumshukuru wampelekee maziwa.